Mwongozo kamili: kubomoa nyumba ya zamani Tanga bila kifusi kuishia kwenye mikoko

Maswali ninayoulizwa kuhusu kubomoa nyumba yana sura moja. Nyumba imeshalala chini, uwanja umejaa mawe, mbao, nondo, vioo na singibodi, mwenye nyumba ametajiwa bei ya tipa ikamshtua, ndipo anauliza: nifanye nini na hiki kifusi?

Saa hiyo jibu zuri limeshapita. Kifusi kilichochanganyika hakina mnunuzi, hakifai kujazia msingi, na kukichambua upya kwa mkono ni kulipa vibarua mara mbili. Linalobaki ni kumwita dereva na kutomuuliza anamwaga wapi. Tanga tunajua panapomwagwa: kwenye kingo za mikoko na kwenye makorongo yanayoshuka baharini.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza kabla ya nyundo ya kwanza. Ni wa nyumba ya chini, kama zile za Ngamiani, Chumbageni au Makorora, iwe ya tofali, ya mawe ya matumbawe na chokaa, au ya miti na udongo. Kama una ghorofa, tafuta mhandisi kwanza. Usilibomoe kwa maelekezo ya kusoma.

## Vitu vya kuwa navyo

- Mitalimbo miwili, sururu, nyundo kubwa, nyundo za kawaida, tindo na patasi
- Msumeno wa chuma wa kukatia nondo
- Mabeleshi, makarai, toroli moja au mawili
- Chekeche la wavu wa chuma
- Ngazi imara na kamba ndefu
- Mpira wa maji, au pipa na ndoo kama bomba halitoki kila siku
- Turubai mbili kubwa na viroba vitupu vingi
- Gambuti au viatu vigumu, glovu, kofia ngumu na miwani kwa kila mfanyakazi
- Barakoa za vumbi za daraja la FFP2 au N95. Kitambaa cha kujifunga puani hakizuii vumbi jembamba.
- Futikamba, daftari na kalamu

Maji ndiyo watu huyasahau. Mchanga uliomo ndani ya tofali na lipu una silika, na vumbi lake jembamba likivutwa siku nyingi hukwaruza mapafu na kuacha makovu yasiyopona. Kama huna maji ya kunyunyizia, huna sababu ya kuanza.

## Hatua ya 1: Vibali, umeme na maji

Anzia kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha iombe Halmashauri ya Jiji kibali cha kubomoa. Ukiwa huko uliza mambo mawili: taka za ujenzi zinapokelewa wapi kwa sasa na kwa ada gani, na je, jengo lako limo kwenye orodha ya majengo ya kale? Tanga ina majengo ya tangu enzi za Wajerumani na kabla yao. Si kila ukuta wa zamani ni wako kuuangusha, hata kama hati ya kiwanja ina jina lako.

TANESCO waondoe waya na mita, na mamlaka ya maji wafunge mstari. Usimwachie fundi wa mtaani kuzungusha waya kwenye nguzo. Vibarua wakishamwagia kuta maji, waya mmoja ulioachwa na umeme unatosha kuua mtu.

Chagua pia msimu. Januari na Februari, au Julai hadi Septemba, ni afadhali kuliko masika, maana mvua ya Aprili inabeba unga wa saruji na chokaa moja kwa moja hadi mtaroni. Angalia na upepo: kusi likivuma, majirani wa kaskazini mwa kiwanja ndio watakaokula vumbi lako. Wape taarifa mapema waanue nguo na kufunika visima.

## Hatua ya 2: Kagua chumba kwa chumba na kuandika

Shika daftari, pita kila chumba, andika kila kitu na aina yake: mlango wa mninga na fremu yake, madirisha na nondo zake, boriti za mikoko, bati na geji yake, singibodi au jipsamu, taa za mirija, mabomba, masinki. Mbele ya kila kimoja andika kinakwenda wapi: kutumika tena, kuuzwa, kuponda, au dampo. Kisichoandikiwa njia yake leo ndicho kitakachozikwa kesho.

Vitu vinne vitafute kwa makusudi, kwa sababu ni hatari.

Asbesto. Ni mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi mapana, manene kuliko bati la chuma, na ukiyagonga hayatoi mlio wa chuma bali wa kigae. Yapo pia kama mabomba ya zamani na mbao bapa za dari. Nyuzi za asbesto hazionekani kwa macho, na zikivutwa huleta saratani ya mapafu na ya utando wa mapafu miaka 20, 30 au zaidi baadaye. Ukiwa na shaka, lichukulie kuwa ni asbesto.

Rangi za zamani za mafuta kwenye milango na madirisha. Nyingi zilichanganywa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto. Usizipige msasa zikiwa kavu na usichome mbao zake jikoni.

Mbao zilizotiwa dawa yenye rangi ya kijani, na taa za mirija zenye zebaki ndani. Mbao hizo zikichomwa, arseniki hubaki kwenye majivu na moshi. Mama lishe akizipata bure atazipenda, kwa hiyo usimpe.

Ukurasa wa daftari ukijaa na hakuna kitu chenye alama ya kuuliza isipokuwa asbesto, hatua hii imekamilika.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya kifusi kabla ya kujadili bei

Watu wanakubali bei ya tipa kwa kukadiria kwa macho, na macho hudanganya. Hesabu yenyewe ni ndogo.

Chukua nyumba ya mita 12 kwa 9. Kuta za nje zina mzunguko wa mita 42. Tuseme kuta za ndani ni mita 30. Jumla mita 72, kimo mita 3, unene sentimita 15: hizo ni mita za ujazo 32 na kitu. Toa kama asilimia 15 ya milango na madirisha, zinabaki 27 hadi 28. Ukuta ukibomoka haurudi kulala ulivyokuwa. Mianya ya hewa huongeza ujazo kwa karibu nusu. Kwa hiyo kuta peke yake zinakupa takriban mita za ujazo 41.

Jamvi, yaani sakafu ya zege, la sentimita 10 lina mita za ujazo karibu 11, na likivunjwa hufika 16. Tipa la tani 7 hubeba mita za ujazo 4 na nusu hivi za kifusi kabla ya kuzidiwa uzito. Unaangalia tripu 9 za kuta na 4 za jamvi.

Hapo ndipo faida ya kutenganisha inapoonekana kwa shilingi. Nusu ya tofali ikitoka nzima na jamvi likapondwa kwa ajili ya msingi mpya, tripu 13 zinashuka hadi 4 au 5.

## Hatua ya 4: Gawa uwanja

Kabla hujagusa paa, weka alama za sehemu sita kwa kamba au chokaa: tofali na mawe mazima, vipande vya zege na tofali vilivyo safi, mbao, vyuma, jipsamu na singibodi, na takataka nyingine. Jipsamu ikae juu ya turubai na kufunikwa.

Sababu ya kuitenga jipsamu wengi hawaijui. Ikifukiwa mahali penye maji na pasipo na hewa, hasa ikichanganyika na taka zinazooza, bakteria huigeuza kuwa gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo ni sumu, na ndani ya shimo refu inaweza kuua. Nyumba zetu za miaka ya karibuni zimejaa dari za jipsamu, na zinapofanyiwa ukarabati vipande vyake hutupwa kwenye mashimo ya taka nyuma ya nyumba. Acheni jambo hilo.

Uwanja wa Ngamiani ni mdogo, najua. Kama sehemu sita hazienei, panga uuzaji wa vyuma na mbao ufanyike kila jioni ili nafasi ipatikane. Usivichanganye kwa ahadi ya kuchambua mwishoni. Mwishoni hakuna anayechambua.

## Hatua ya 5: Asbesto, kama ipo

Kazi hii ni ya wenye kibali. Taka hatarishi zina wasafirishaji wanaoruhusiwa, na wa kuwauliza ni NEMC, baraza la taifa la mazingira, na afisa mazingira wa jiji. Ninaeleza namna inavyofanywa ili uweze kumsimamia uliyemlipa, na umkatalie akianza kuyavunja mabati kwa nyundo.

Mabati yanaloweshwa kwa maji yenye sabuni kidogo, juu na chini, kabla ya kuguswa. Misumari inang'olewa au kukatwa taratibu, bati linatoka zima na kushushwa kwa mikono. Hakuna kulitupa chini, hakuna kulikata kwa msumeno wa umeme, hakuna kufagia kukavu. Watoto na majirani wasiwe karibu. Kila furushi linafungwa kwa nailoni nzito tabaka mbili, linabandikwa maandishi makubwa ASBESTO – USIFUNGUE, na linakwenda moja kwa moja panapokubaliwa kufukiwa. Nguo za kazi haziendi nyumbani kufuliwa na za familia.

Bati la asbesto lililovunjika lisigeuzwe paa la banda la kuku wala uzio, na lisipondwe kuwa kokoto. Kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya bati hilo ni nyuzi tupu, na kila linapovunjika zinaachiwa.

Kazi imekwenda sawa kama mabati yote yametoka mazima au karibu yote, na ardhi chini ya paa haina vipande.

## Hatua ya 6: Vua nyumba kuanzia juu

Nyumba inabomolewa kwa kurudi nyuma ya ilivyojengwa. Cha juu kinaanzwa: bati, kisha dari na waya, kenchi na boriti, milango na madirisha, masinki na mabomba. Ukuta hauguswi hadi nyumba iwe gofu tupu.

Ng'oeni misumari papo hapo, mbao ikiwa bado mkononi, na kila msumari uingie kwenye ndoo. Msumari ulioanguka kwenye kifusi utakutana nao mguuni mwa mtu.

Boriti za mikoko zikaguliwe moja moja. Igonge kwa nyundo kuanzia ncha hadi ncha: inayolia kavu na nzito ni nzima, inayolia uwazi imeliwa na mchwa ndani. Iliyo nzima ina miaka mingi mbele yake, na ukiitumia tena umeacha mti mmoja umesimama, maana mkoko haukatwi bila kibali na hauoti haraka.

Nondo na vyuma vingine wapelekee wanunuzi wa chuma chakavu. Usinyooshe nondo iliyopinda ukaitia kwenye nguzo ya nyumba mpya. Chuma kilichokunjwa na kukunjuliwa kinaweza kuwa na ufa usiouona, na nguzo ndiyo inayokushikia paa usiku ukiwa umelala.

## Hatua ya 7: Kuta

Lowesha ukuta, subiri maji yaingie, ndipo uanze kozi ya juu kabisa, yaani mstari wa mwisho wa tofali. Teremka kozi moja moja. Usichimbe ukuta chini ili uanguke wote kwa kishindo: umewaweka vibarua hatarini, na umepasua tofali ambazo zingetoka nzima.

Kuta za mawe ya matumbawe ni raha kuzifungua. Chokaa cha zamani ni laini kuliko jiwe lenyewe. Ingiza tindo kwenye kiungo, gonga mara mbili tatu, tikisa jiwe kwa mtalimbo, linakuja. Geuza upande wenye chokaa juu, kikwangue kwa ncha ya patasi ukishikilia patasi imelala. Kinamenyuka kwa maganda na jiwe linabaki jeupe na matundu yake. Mawe hayo hujenga tena uzio, baraza au kuta za chokaa. Lakini yasipondwe kuwa kokoto ya zege lenye nondo: yana chumvi, na chumvi huozesha nondo kutoka ndani hadi zege linapasuka.

Tofali za saruji ni ngumu zaidi, kwa sababu udongo wa saruji hushikana na tofali. Zilizojengwa kwa mchanganyiko hafifu hutoka vizuri. Zilizojengwa kwa mchanganyiko mzito zitavunjika, na si kosa la fundi. Gonga mbili pamoja: zenye mlio mkavu zipange, zinazomeguka kingo zipeleke kwenye kuponda.

Kutengeneza tani moja ya saruji hutoa takriban kilo 600 za hewa ukaa, kwa sababu ya moto wa tanuru na kwa sababu chokaa yenyewe huitoa inapochomwa. Mfuko wa kilo 50 ni kama kilo 30. Mfuko huo ukitoa tofali 30, kila tofali unayoiokoa imeepusha kilo moja hivi, mbali na mchanga ambao haukuchimbwa na mafuta ya lori ambayo hayakuchomwa. Sisi ambao mawe ya chokaa yanachimbwa na kuchomwa hapahapa Pongwe tuna sababu ya kuihesabu.

Nyumba ya miti na udongo haina mashaka. Toa misumari na nailoni, udongo urudi ardhini au uwe wa kukandikia tena, miti iliyooza iwe kuni. Kama ilipigwa lipu ya saruji, bandua lipu kwanza.

## Hatua ya 8: Jamvi, msingi na kuponda

Vunja jamvi kwa vipande vinavyobebeka na mtu mmoja. Kisha pondeni zege na tofali zilizovunjika hadi ukubwa usiozidi ngumi, mkilowesha, barakoa zikiwa usoni. Chekecheni: kilichobaki juu ni cha kujazia, kilichopita ni mchanga wa kusawazishia.

Kokoto hizi zinafaa chini ya jamvi jipya, kwenye njia ya gari, kwenye shimo la kunyonya maji ya choo, na kwenye zege la kusawazishia lisilobeba uzito. Hazifai kwenye nguzo, renta wala slabu. Hazina uimara unaojulikana, na zinanyonya maji kuliko kokoto za jiwe.

## Hatua ya 9: Kujazia msingi mpya

Mwaga kwa tabaka za sentimita 15, lowesha, shindilia, ndipo uweke tabaka jingine. Mkimwaga futi tatu kwa mkupuo na kushindilia juu tu, jamvi litatitia na kupasuka baada ya masika ya kwanza.

Hakuna mbao hata kipande, kwa sababu mbao iliyofukiwa ni mwaliko wa mchwa kuingia nyumba mpya. Hakuna jipsamu, nailoni wala udongo mweusi. Ukikanyaga kwa kisigino na usiache alama, tabaka limeshika.

## Hatua ya 10: Kilichobaki, na dereva wa tipa

Hapa ndipo kazi yote nzuri huharibika. Dereva analipwa kwa tripu, dampo liko mbali na lina ada, mikoko iko karibu na haina mlinzi. Usitegemee roho yake njema. Panga malipo yanayomwelekeza sawa.

Andikianeni jina la mahali pa kumwaga, idadi ya tripu, na kwamba ada ya dampo unalipa wewe. Mpe nusu ya malipo akipakia, nusu akirudi na risiti ya dampo. Tripu ya kwanza mtu wako akae ndani ya gari. Mzigo ufunikwe turubai.

Wapo watakaokuambia kifusi kinasaidia kuzuia bahari kula ufukwe. Si kweli. Kifusi kilichomwagwa ovyo hakina mpangilio wala uzito wa kuzuia mawimbi. Maji hukomba unga wake na kuacha vyuma na vioo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa bahari na mito kuwa eneo la kulindwa, na kukukuta unamwaga humo ni kesi.

Nenda ufukweni wakati wa maji kupwa ukautazame mti wa mchu, aina mojawapo ya mikoko. Kuuzunguka pande zote, mizizi midogo imechomoza kutoka kwenye tope kama penseli zilizosimamishwa, mamia kwa mamia. Hiyo ndiyo pua yake, kwa sababu tope halina hewa. Sentimita chache za kifusi zikiifunika, mti unakosa pumzi. Unaweza kusimama kijani kwa muda, kisha majani yanapukutika na mti unakauka. Maji yanayochujika kwenye zege lililovunjwa yana ukali wa magadi unaowaunguza samaki wachanga, na unga wake hulala juu ya nyasi za bahari na matumbawe hadi vikose mwanga. Kamba, kaa na samaki wanaouzwa sokoni mjini hukulia humo. Pwani hii ina pia Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki ambaye dunia iliwahi kudhani ametoweka.

Usimpe jirani kifusi cha kufukia bwawa au njia ya maji, hata akikibeba bure. Maji hayapotei kwa kufukiwa, yataingia kwa mwingine.

## Kabla ya kufunga kazi

Pitisheni sumaku iliyofungwa kwenye kamba uwanja mzima, mara mbili, ya pili kwa kukatiza ya kwanza. Fukieni mashimo yote ya msingi yanayoweza kutuama maji, na geuzeni makarai na mapipa. Mbu wa dengi hahitaji zaidi ya kikombe cha maji, na mwaka 2019 ugonjwa huo ulifika hapa Tanga.

Lowesha na fagia barabara mbele ya kiwanja, unga uingie kiroba na si mtaroni. Fungua kifuniko cha mtaro ulio karibu. Ukikuta mchanga mweupe chini yake, utoe kwa beleshi siku hiyohiyo, maana mvua ijayo itaupeleka baharini. Daftari, risiti za dampo na kibali viweke pamoja na hati ya kiwanja. Afisa mazingira akija kuuliza, au mnunuzi akitaka kujua chini ya jamvi kuna nini, jibu litakuwa humo.